Mashine za wembe wa upande mmoja za zamani: anza na wembe, chuma kitakuja chenyewe

#1 FundiSaa_Mwanga (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni.

Tangu niweke picha ya ile mashine yangu ya kunyolea ndevu, Gem, kwenye uzi wa saa za kizamani, watu wananifuata pembeni na swali lilelile: mashine kama hiyo naipata wapi hapa mjini? Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, ngoja nifungue uzi.

Swali lenyewe limekaa kinyumenyume. Uliza kwanza wembe utaupata wapi. Mashine nyingi za aina hii ni shaba iliyopakwa nikeli, hazifi kirahisi. Zimelala kwenye masanduku ya bati ya wazee waliofanya kazi reli, bandarini na misheni, na siku nyingine zinaibuka kwenye meza za vikorokoro zimechanganywa na kufuli zisizo na funguo. Wembe wake ndio hauko dukani. Zunguka Mwanga, Gungu, Ujiji yote, utakuta nyembe za pande mbili tu, zile nyembamba za kwenye karatasi. Hizo haziingii humu. Mtu ananunua mashine kwa mbwembwe, wiki inayofuata imekuwa pambo la kabatini.

Tuelewane: siongelei mashine ya umeme ya saluni. Naongelea ya mkono, ya chuma, unayoweka wembe ndani. Iliyozoeleka ni ya pande mbili, ya King C. Gillette wa Marekani, ambaye hataza yake ilitoka mwaka 1904. Lakini upande mmoja ndiye kaka mkubwa. Akina Kampfe wa New York walishatoa mashine yao iitwayo Star mwaka 1880, yenye wembe mnene, makali upande mmoja, unaonolewa kwenye mkanda wa ngozi kama kisu cha kinyozi. Baadaye zikaja Gem na Ever-Ready zenye wembe wa kutupa. Ever-Ready iliuzwa dola 1, mashine pamoja na nyembe 12, wakati Gillette anataka dola 5 kwa ya kwake.

Star, Gem na Ever-Ready zote ziliishia kwenye mikono ya kampuni moja, American Safety Razor ya Brooklyn. Msipite hapo haraka, kwa sababu ndipo pona yenu ilipo. Nyumba moja, wembe mmoja. Mashine ya mwaka 1912 na ya miaka ya 1950 zinatumia wembe uleule, na wembe huo bado unatengenezwa hadi leo. Unaitwa GEM.

Una mgongo, yaani ukanda wa bati uliokunjwa upande wa nyuma. Unene wake ni kama milimita 0.23. Wembe wa pande mbili ni milimita 0.1 hivi. Ule mwembamba lazima mashine iupinde na kuubana ndipo utulie. Huu mnene umesimama wenyewe. Ukikutana na ndevu ngumu za kidevuni hauyumbi. Ndiyo raha yake, hakuna siri nyingine.

Nitaendelea kesho na jinsi ya kukagua mashine kabla hujatoa hela. Maswali karibu.

#2 Bangwe_Junior

Siti ya mbele kabisa.

Lakini mkuu, nikuulize bila kukukwaza. Wembe wa plastiki wa dukani nanyoa, natupa, maisha yanaendelea. Hii yote ya nini? Si ushamba wa kutamani vya wakoloni tu?

#3 FundiSaa_Mwanga

Hujanikwaza hata kidogo. Kama wa plastiki unakufaa na shingo yako ni laini, usibadili kitu. Ila niambie ukweli, shingo yako ikoje?

#4 Bangwe_Junior

Hapo umenipata. Vipele kama vyote. Kinyozi wangu ananipaka magic, ile dawa ya kuondoa ndevu, inaunguza na harufu yake naijua mtaa mzima.

#5 Nesi_Ujiji

Habari zenu kaka zangu. Naingilia hapo kwenye vipele kwa sababu kazini tunaviona sana.

Nywele zetu zimejikunja. Ukiikata ndevu karibu mno, ncha inabaki chini ya ngozi, ikianza kuota inajipinda na kuchoma ngozi kwa ndani. Au inatoka nje, inageuka, inaingia tena pembeni. Mwili unaiona kama mwiba, inavimba. Ule wembe wenye makali matatu au manne yaliyopangana ni mbaya zaidi kwa mtu wa hivyo: la kwanza linaivuta ndevu, linalofuata linaikata, ikirudi iko chini ya ngozi. Kuvuta ngozi kwa vidole ili unyoe vizuri kunaleta matokeo hayohayo.

Kwa hiyo wembe wenye makali mamoja unaweza kusaidia, ila siyo muujiza. Ukinyoa kwa kupinga ndevu, vipele utavipata hata kwa wembe wa dhahabu. Na kama shingo imeshavimba ina usaha, weka wembe chini kwanza, njoo tukuangalie.

La pili, tafadhali: wembe mmoja mtu mmoja. Siyo baba na mtoto, siyo ndugu wa chumba kimoja. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini B na C vinapita kwenye damu, na damu ya kwenye wembe huwezi kuiona kwa macho.

#6 FundiSaa_Mwanga

Dada asante sana, umenipunguzia kazi.

Haya, ukaguzi. Ukikutana na mashine mezani kwa mtu, angalia kwanza kama ni Gem au Ever-Ready, jina huwa limeandikwa kichwani au mgongoni. Halafu ujue ni ya aina gani kati ya hizi mbili.

Kuna ya kifuniko, kama Ever-Ready au Gem ya 1912. Juu ina bamba linaloinuka kwa bawaba. Unainua, unateleza wembe, unafunga. Kuna ya kuzungusha, Gem Micromatic, iliyoanza miaka ya 1930: chini ya mpini kuna kitufe cha duara, ukizungusha bamba la juu linanyanyuka, ukirudisha linashuka na kubana wembe. Za mwanzo zina meno kama chanuo, za baadaye zina ubao mnyoofu wenye mifereji ya kupitisha povu. Gem ndio hao waliokuwa wakiwatisha wanaume kwenye matangazo ya magazeti kwamba kufika saa 11 jioni uso umeshaanza kuwa mweusi kwa ndevu. Biashara ni kutishana.

Sasa weka jicho lako hapa. Fungua kichwa, uigeuzie kwenye mwanga. Kwenye pembe za mbele, kulia na kushoto, kuna vizuizi viwili vidogo sana, kila kimoja kama punje ya mtama. Makali ya wembe yanasimama hapo kwenye pembe. Kwa nyuma kuna springi inayosukuma mgongo wa wembe uende mbele ukagote kwenye vizuizi. Kizuizi kimoja kikivunjika au kikilika, wembe unakaa mshazari, upande mmoja unachomoza kuliko mwingine. Utajua siku ukijikata. Mashine ya hivyo hata upewe bure, chukua kwa ajili ya vipuri.

Springi: isukume kwa ncha ya kalamu. Ikirudi kwa nguvu, nzuri. Ikilegea kama imelala, wembe utacheza.

Kitufe cha Micromatic kikiwa kigumu usitumie koleo. Ni uchafu wa sabuni ya miaka mingi, umekauka ndani ya mpini. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo usiku kucha, kesho utazungusha kwa vidole viwili.

Rangi ikiwa imebabuka, acha ilivyo. Uzuri hauko kwenye rangi.

#7 Dada_Gungu

Kaka Fundi, mimi nauza mitumba na vitu vya nyumbani, kuna mzigo wa vyombo nilinunua kwa familia inayohama nikakuta kitu kama hicho. Ni cha rangi ya dhahabu iliyofifia, ukizungusha chini kinafunguka juu. Kwenye ubao wa mbele kuna herufi G. Kijana mmoja kaniambia anipe elfu tano. Nimpe?

#8 FundiSaa_Mwanga

Dada usimpe! Huyo kijana anajua anachofanya.

Hiyo ni Micromatic yenye G kwenye ubao, wenyewe wapenzi wanaiita G-Bar. Ni ya baada ya vita vya pili vya dunia, ile rangi ni mchovyo wa dhahabu. Piga picha ya ndani ya kichwa, pembe za mbele, kama nilivyoeleza hapo juu. Kama vizuizi vyote viwili viko na springi inarudi, hiyo ni mali. Bei utajipangia mwenyewe, ila elfu tano ni ya kukununulia chai.

Na tafadhali usiisugue na waya wa sufuria wala kuimwagia Jiki. Jiki inakula chuma, na waya utaondoa ule mchovyo wote.

#9 Dada_Gungu

Ahaa. Kumbe. Basi kijana akija kesho nitamwambia imeuzwa 😂

Picha nitaweka.

#10 Kibirizi_Mvuvi

Mimi niko tofauti. Nina mashine ya pande mbili ya baba, inanyoa vizuri. Nilitaka kujua, nikivunja ule wembe wa pande mbili katikati nikapata nusu, siwezi kuuweka kwenye hizo za upande mmoja? Vinyozi wanavunja kila siku.

#11 FundiSaa_Mwanga

Hapana kaka. Kinyozi anavunja kwa sababu kile kisu chake kimetengenezwa kwa nusu wembe. Gem inataka mgongo wa kusukumwa na springi, nusu wembe hauna mgongo. Tena ni mwembamba na mfupi kwa kina, haufiki kwenye vizuizi. Utakaa ndani unacheza, na wembe unaocheza usoni ni ajali.

Ukitaka ladha ya upande mmoja bila kuhangaika na nyembe za kuagiza, nunua kisu cha kinyozi cha kubadilisha wembe, ujifunze taratibu. Wembe upo kila duka. Au zipo mashine mpya za upande mmoja zilizobuniwa kwa nusu wembe, kama Twig na Thorn za kampuni ya Leaf ya Marekani, ila hizo siyo za zamani na bei yake inaumiza.

#12 Mnyamwezi_Halisi (Tabora)

Nawasalimu watu wa mwisho wa reli kutoka huku Tabora.

Fundi umeruka ukoo mwingine. Mimi ninayo Schick ya kusukumia, ya marehemu babu yangu aliyekuwa karani. Yenyewe ina kichwa chembamba, haifunguki kabisa. Nyembe zinakuja kwenye kijikasha kirefu cha chuma; unachomeka ncha ya kijikasha kando ya kichwa, unasukuma kitelezi, wembe mpya unaingia na wa zamani unatokea upande wa pili. Vidole havigusi makali. Aliyebuni ni Jacob Schick, mwanajeshi wa Marekani, aliiga bunduki inayojipakia risasi kutoka kwenye magazini. Mashine zake za kwanza zilianza kuuzwa miaka ya 1920.

Wembe wake ni mwembamba kwa upana kuliko GEM, haviingiliani. Na huu ndio uzuri wa kichwa kidogo: chini ya pua panafikika. Hizo Gem zenu zina kichwa kipana kama sururu, mtu ana masharubu atafanyaje?

#13 FundiSaa_Mwanga

Hahaha, karibu mjomba. Kweli kabisa, chini ya pua Gem inasumbua. Dawa yake ni kuvuta mdomo wa juu chini juu ya meno, halafu ushuke kwa vipande vifupi. Au uache masharubu, kama mimi.

Kwa anayeanza, Schick haina ubaya wowote kama una kijikasha cha nyembe. Bila kijikasha, kuuingiza wembe kwa mkono ni kutafuta balaa.

#14 Bangwe_Junior

Sasa hizo nyembe za GEM ni zipi hasa? Nimeingia mtandaoni naona kuna za kukwangua rangi na za kunyolea, zinafanana kama mapacha.

#15 FundiSaa_Mwanga

Swali la maana kuliko yote humu.

Zinafanana kwa sababu umbo ni moja. Mafundi rangi na watu wa vioo wanatumia wembe wa mgongo uleule kukwangua. Ule wa kazi huwa wa chuma cha kaboni, haujapakwa kitu na ukingo wake haukusagwa kwa ajili ya ngozi. Utaingia kwenye mashine vizuri tu, halafu utakuchuna. Na ukiacha unyevu, asubuhi una kutu.

Wa kunyolea unaandikwa kwamba ni stenlesi na umepakwa tefloni. Tafuta maneno hayo mawili, yote mawili, siyo moja. Zinazosifiwa zaidi ni za Personna, zinazotoka kiwanda cha Verona, jimbo la Virginia. Hicho ndicho kizazi cha American Safety Razor ileile, ilihama Brooklyn ikaenda huko.

Kufika Kigoma: mimi naagiza pamoja na mtu wa Dar. Paketi ni nyepesi, inapita posta kama barua nene. Akija mtu kwa ndege aweke kwenye begi la kukabidhi, siyo la mkononi, la sivyo zitabaki uwanjani. Mzigo wa basi pia unafaa, ila mwandikie mtu jina na namba vizuri kwenye bahasha ngumu, mzigo mdogo unapotea chini ya siti.

Agiza nyingi kwa mkupuo. Wembe mmoja wa GEM unakaa muda mrefu kuliko unavyodhani, ukifuta maji kila ukimaliza. Usiufute kwa kitambaa ukivuta makali, suuza, kung'uta, acha ukauke ndani ya mashine iliyofunguliwa kidogo.

#16 MzeeWaStesheni

Vijana, nimesoma yote. Hayo mnayoyaita ya kizamani ndiyo tuliyonyolea sisi.

Nyembe za Ever-Ready ziliuzwa kwa Wahindi, kwenye vikasha vidogo. Wembe ukichakaa tulikuwa tunausugua ndani ya glasi, unazungusha kwa kidole, unapata siku mbili tatu zaidi. Leo mnatupa tu.

Mimi ninacho kitu ambacho Fundi hajakitaja. Kimeandikwa ROLLS RAZOR. Ni kasha la chuma, ukitoa kifuniko upande mmoja kuna jiwe, upande wa pili kuna ngozi. Alinipa mzungu mmoja wa reli alipoondoka. Wembe wake ni mmoja tu, haubadilishwi. Je, kinafaa kunyolea bado?

#17 FundiSaa_Mwanga

Shikamoo mzee wangu. Umenitoa kitini.

#18 MzeeWaStesheni

Marahaba. Jibu swali sasa.

#19 FundiSaa_Mwanga

Nakujibu mzee. Wakuu wote someni hapa, hii ni hazina.

Rolls ni ya Uingereza, kiwanda chake kilikuwa Cricklewood, London. Yenyewe haijui wembe wa kutupa. Wembe ni mnene, umechongwa kama kisu cha kinyozi, makali upande mmoja, na unanolewa ndani ya kasha lake. Kuna mkono wa kuvuta na kusukuma. Unaupeleka mbele na nyuma, wembe unateleza juu ya ngozi, na kila ukifika mwisho unajigeuza upande wa pili kwa sauti ya kugonga, kla-klak, kla-klak. Nyumba nzima inajua baba ananoa. Ngozi ni ya kila siku kabla ya kunyoa. Jiwe ni la mara chache, makali yanapochoka. Ukimaliza kunoa unautoa wembe, unauvika kwenye mpini wake, unanyoa.

Kampuni yenyewe ilikwisha vibaya. Mfanyabiashara aitwaye John Bloom aliichukua akaanza kuuza mashine za kufulia kwa jina hilohilo, ikafilisika mwaka 1964. Lakini makasha yamebaki kila pembe ya lililokuwa himaya ya Waingereza, na Kigoma ni mmojawapo.

Je, kinafaa? Inategemea makali na ngozi. Mzee naomba uangalie mambo mawili. Toa wembe, ushike kwenye mwanga wa dirisha, uangalie makali kwa mbele, siyo kwa ubavu. Makali mazuri hayaonekani, ni mstari mweusi. Ukiona kidoti kinachong'aa, hapo pana pengo. Halafu bonyeza ile ngozi kwa dole gumba. Ikiwa laini bado, sawa. Ikiwa imekauka inapasuka, isipitishiwe wembe, itauharibu. Inaweza kuamshwa na mafuta kidogo ya kulainishia vitu vya ngozi, siyo mawese!

#20 Kibirizi_Mvuvi

Hapo kwenye mawese umetugusa watu wa Kigoma 😂

Na nina swali la sabuni. Mimi nanyolea sabuni ya mawese ya hapa hapa. Povu linaanza vizuri, nikifika shavu la pili limeshakauka limekuwa kama ukoko. Tatizo sabuni au tatizo mimi?

#21 Mwalimu_Kemia

Tatizo ni maji, kaka. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesi nyingi kuliko maji ya maziwa mengi. Sabuni ikikutana na magnesi na kalsi inashikana nazo, inatengeneza utando mweupe badala ya povu. Ndio huo ukoko wako, na ndio unaoganda kwenye beseni.

Jaribu maji ya mvua. Kipindi cha masika kinga kwenye ndoo safi, weka dumu moja la kunyolea tu. Utashangaa.

Sabuni ya mawese yenyewe si mbaya hata kidogo. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni asidi ya palmitiki, na hiyo ndiyo inayotoa povu zito linalokaa. Kasoro yake ni kwamba mafundi wetu wanapikia kostiki soda, inatoa sabuni ngumu ya kufulia. Sabuni ya kunyolea ya viwandani huchanganywa na potasi, inakuwa laini na inashika maji zaidi. Na sabuni mbichi, ambayo haijakaa wiki kadhaa ikakomaa, itakuunguza. Nunua iliyokaa.

#22 FundiSaa_Mwanga

Mwalimu, nakuongezea nyota. Brashi nayo inasaidia, hata ya bei rahisi. Povu la mkono halinyanyui ndevu.

Sasa kunyoa kwenyewe, maana watu watakuwa wameshapata mashine.

Oga kwanza au weka kitambaa cha moto usoni, ndevu zikilowa zinalainika. Paka povu, lisiwe zito sana. Gem ikijaa povu inaziba.

Pembe ndiyo kila kitu. Waliozoea pande mbili wanashika mpini umelala mbali na uso. Kwenye Gem, hapana. Weka kile kichwa bapa kwenye shavu kama unakibandika, kilale chote. Hapo haikati. Sasa teremsha mpini kidogo kidogo kuelekea shavuni huku ukivuta taratibu, hadi usikie inaanza kukwaruza. Basi, baki hapohapo. Ukiendelea kuteremsha mpini unakwangua ngozi. Ukiunyanyua unarudi kuteleza juu.

Sauti msiiogope. Wembe mnene una kelele, kreee, kreee, kama mtu anaparua samaki. Sauti ikikatika ghafla, pembe imepotea. Mimi sasa nanyoa kwa masikio kuliko kwa kioo.

Usikandamize. Mashine ina uzito wake, uzito huo unatosha. Anza mashavuni ambako ni tambarare, shingo na kidevu ziwe za mwisho. Fuata ndevu zinavyolala. Pitisha kidole, upande unaoteleza ndio huo. Shingoni kwa wengi wetu zinazunguka, nyingine zinaenda pembeni, kwa hiyo usidhani ni juu-chini tu. Mara moja inatosha. Ukitaka uso kama yai, nenda kwa hatari yako na dada Nesi nimekutajia.

Ukimaliza, maji ya baridi, kisha shabu. Kile kipande cha shabu cha sokoni, lowesha, pitisha usoni kote. Pakiwasha sana, ulikandamiza. Kisha mafuta kidogo, siyo spiriti kila siku.

#23 Nesi_Ujiji

Sawa kabisa. Na mashine ya kununua sokoni isafishwe kabla haijagusa uso wako. Sabuni na mswaki wa zamani, kila kona, hadi maji yatoke safi. Halafu spiriti ya asilimia 70, iloweke dakika kumi, iache ikauke yenyewe. Wembe ulioachwa na mwenye mashine wa kwanza unautupa kwenye kopo la kufungika, siyo kwenye taka wanazochezea watoto.

#24 Mnyamwezi_Halisi (Tabora)

Na mipini ya plastiki ya zamani isichemshwe. Mingine inapinda, mingine inapasuka. Maji ya uvuguvugu tu.

#25 Bangwe_Junior

Nimejaribu juzi kwa mashine ya Gem ya kuazima, wembe mpya wangu mwenyewe (Nesi usinitazame hivyo). Mashavu safi. Shingo nimefuata zinavyolala, kule chini ya taya nimeacha kidogo. Leo haijatoka kitu. Nasubiri wiki iishe ndipo niseme neno.

Fundi, nyembe zikija safari ijayo niwekee paketi moja, nitalipa kabla.

#26 Dada_Gungu

Picha hizo nimeweka. Vizuizi viko viwili, springi inaruka. Kijana amerudi na elfu kumi na tano 😏

#27 FundiSaa_Mwanga

Dada, nakuja mwenyewe kesho kabla ya adhuhuri, usimuuzie mtu.

Bangwe, nimekuandika. Watu wanne mmeshajiorodhesha, wengine semeni kabla ya Ijumaa ili tuagize pamoja, posta tugawane.

#28 MzeeWaStesheni

Nimeangalia wembe dirishani. Una vidoti viwili vinavyong'aa, kimoja karibu na ncha. Ngozi ni laini bado. Jiwe mjukuu ameliosha kwa sabuni kabla sijamkataza.

#29 FundiSaa_Mwanga

Mzee, kuoshwa kwa sabuni hakuliharibu jiwe, liache likauke kivulini tu. Vidoti viwili vinanoleka, ila siyo kwa jiwe la kasha peke yake, vinahitaji jiwe la maji kwanza, na hilo ninalo. Usiuvute wembe wa Rolls juu ya ile ngozi ya kasha hadi mapengo yaishe. Jumamosi nitapita nyumbani. Kasha lije lote na mpini wake, na mjukuu awepo, nimwonyeshe inavyogeuka.